Pindo Limekwisha

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, zangu peke yangu. Za baba Sisimizi sizileti safari hii, na ukisoma utaona kwa nini. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mwanao Kifungo, na kwamba ule mgongo unaokutesa kwa kusimama kutwa juu ya vichwa vya watu umepoa kidogo. Sisi huku tunapumua tu. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, kama tulivyofundishwa kuanza barua tukiwa wadogo, lakini karatasi hii sitaidanganya.

Dada, mwanangu yumo shidani, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukunisikiliza. Dereva wako amekaa hapa kwenye benchi la wateja wangu anakunywa chai, nimemwambia haondoki bila bahasha hii na kreti lako. Ameshaniuliza kama naandika barua au naandika kesi. Nimemwambia anywe chai yake. Nina ombi kwako, nalo nitalisema mwisho, ila kwanza nakuomba usome mpaka huko mwisho. Nakujua mimi. Ukifika mahali pa kukuchoma utaitupa hii karatasi juu ya meza ya vioo, utachukua kitana na kujifanya una mteja. Leo usinifanyie hivyo. Kaa chini, mwambie mteja asubiri.

Unakumbuka Sisimizi alivyozaliwa, maana jina hilo ulimpa wewe. Ulimwinua kwa mkono mmoja ukasema mtoto gani huyu anaenea ndani ya kofia. Miaka yote ile ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kumlilia akue. Alipoanza darasa la kwanza nilimshonea sare kama ninavyowashonea watoto wa mtaa mzima, sketi yenye pindo pana la kiganja kizima limekunjwa kwa ndani, ili mwaka ukisogea niachie kidogo na mwaka mwingine kidogo. Kwetu mafundi wa sare mzazi hanunui sketi, ananunua pindo. Watoto wengi pindo hilo linawafikisha darasa la tatu, na wavivu wa kukua linawafikisha la nne. La Sisimizi lilikwisha kabla hajamaliza la kwanza.

Haki ya nani, nilifurahi. Kila nilipofumua pindo baba yake alikuwa anasimama mlangoni anacheka meno yote nje, anasema damu ya kwao imeanza kujitokeza, kwao watu ni warefu. Anasahau kwamba yeye mwenyewe anapanda kiti kubadilisha balbu. Majirani wakanipongeza. Mama mmoja mteja wangu aliniuliza namlisha nini, nikajibu kwa maringo kwamba namlisha chakula, kama nyinyi mnavyowalisha wenu. Na nywele, dada! Zile nywele zilizokuwa kama vumbi kichwani zikajaa, zikarefuka, ikawa kila mtu anauliza tunapaka nini. Nikawa najibu kwa fahari kwamba ni mafuta ya dada yangu.

Halafu furaha ikaanza kuniganda. Mimi ninapima watoto, ndiyo kazi yangu. Najua mtoto wa miaka saba anavyokwenda: anarefuka miguu kwanza, anakuwa kama ngazi, kiuno hakipo, kifua ni ubao. Siku moja nilimpima Sisimizi shati jipya, futi ikapita kifuani, nikaishika pale pale. Nikapima tena. Akaniambia mama unanitekenya. Kifua hakikuwa ubao. Kilikuwa kimeanza, dada, kama cha msichana wa darasa la sita, na alipoguswa na futi alisema panauma.

Unajua nilifanya nini? Badala ya kumpeleka hospitali nilikwenda kwenye cherehani. Nilimshonea kizibao cha ndani cha kitambaa kigumu, kile ninachotumia kwenye kola, nikambana kifua kila asubuhi kabla ya shule. Nikamwambia ni cha baridi. Mtu mzima na akili zangu, nikadhani nitamrudisha mtoto nyuma kwa uzi na sindano, kama ninavyopunguza suruali ya mteja. Alikuwa anarudi nyumbani amechoka, anavua, ana alama nyekundu mbavuni, na hakulalamika hata siku moja kwa sababu aliniamini kuhusu baridi.

Shuleni nako mambo yakaharibika. Mwalimu wake wa darasa aliniita, akanizungusha kwa maneno matamu, kumbe anataka niungame kwamba nimepunguza umri wa mtoto ili arudie darasa. Walimhamishia dawati la nyuma kabisa kwa sababu anawaziba wenzake. Wenzake wakaacha kucheza naye. Wanamwita Mama. Jamani, watoto wa miaka saba wanamwita mwenzao Mama, na yeye anakuja kuniuliza kama ni tusi au ni heshima. Na barabarani ndiko kunakoniua zaidi. Tulipita kwa muuza magazeti, mwanaume mtu mzima mwenye mvi akamtazama mwanangu kuanzia juu mpaka chini, akamwita mrembo. Mtoto alikuwa ameshika mwanasesere wa vitambaa niliyemshonea kwa vipande vilivyobaki. Nilimtolea yule baba maneno ambayo sitayaandika hapa, lakini nilirudi nyumbani nimembana mkono, kwa sababu nilielewa kwamba wanaume hawaulizi umri.

Hapo ndipo nilipokupigia simu. Nilisikia kelele za saluni, dryer zinavuma, watu wanacheka. Nikakwambia Sisimizi anakua vibaya. Ukaniambia eti watu wanalilia watoto wao wakue, mimi nalilia wangu amekua, kisha ukawasimulia wateja wako na wao wakaangua kicheko, ukakata ukisema utanipigia. Hukupiga. Sikulaumu kwa hilo, maana hata mimi wakati huo sikujua naogopa nini. Ila nilikasirika, na kwa hasira nikanuna, na kwa kununa siku zikapita bure.

Mwezi ule gari la dereva wako liliharibika, unakumbuka, mafuta yako ya nywele hayakuja. Chupa ya mwisho nikaigeuza kichwa chini juu ya kikombe ili nipate matone, mpaka ikakauka. Siku chache baadaye shule ikanipigia simu nikiwa nimekata kitambaa cha mtu. Mwalimu alisema nije haraka, mtoto anatoka damu. Nilikimbia na mkasi mkononi, dada, niligundua nikiwa nimeshafika getini. Nilimkuta amekaa kwenye chumba cha walimu amefunikwa kanga ya mwalimu, ananiuliza kama anakufa. Damu yenyewe ilikuwa kidogo. Lakini walimu walikuwa wananitazama, na mimi nilijua wanachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hicho hicho.

Baba yake hakufikiria mara mbili. Unamjua mdogo wake, yule fundi rangi aliyekuwa analala sebuleni kwetu, mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku. Ndiye aliyekuwa anamshika Sisimizi mkono kumpeleka shule kila asubuhi, ndiye anayemsuka mikia miwili vibaya vibaya nikiwa na kazi nyingi. Baba Sisimizi alirudi, akasikia neno damu, akamgeukia mdogo wake. Alimtoa nje kwa kola ya shati, akarusha godoro, akarusha ndoo ya brashi, rangi nyeupe ikamwagika mpaka barabarani, na mtaa mzima ukajitokeza kutazama. Kijana alilia, akaapa kwa kaburi la mama yao. Kisha akanitazama mimi, akingojea niseme neno moja tu. Nilinyamaza. Sikuwa na uhakika, nikamwacha aondoke na jina lile mgongoni.

Hospitali tulimpata daktari wa watoto, mama wa makamo, sauti ya chini. Alimwomba Sisimizi ruhusa kabla ya kumgusa, akampima kwa taratibu wanazozijua wao, nami nikiwa nimemshika mkono. Alipomaliza alitoka akatuambia kwanza lile tulilolihitaji, kwamba mtoto huyu hajaguswa na mtu yeyote. Baba yake akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, mwanaume mzima, akaweka uso kwenye magoti. Tangu siku hiyo anampigia mdogo wake simu. Haipokelewi. Ameulizia kila nyumba inayojengwa mjini hapa, hakuna aliyemwona.

Daktari akaona na zile alama za kizibao. Aliniuliza ni nini, nikamweleza, akakikunja akakiweka kwenye droo yake bila kunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kisha akampiga Sisimizi picha ya mkono, ile ya kuonyesha mifupa. Akatuwekea kwenye mwanga akatuelekeza kwa kalamu. Mtoto ana miaka saba, mifupa ya mkono wake ni ya msichana wa miaka kumi na kupita. Mimi sikuona ubaya, nikasema si ndiyo kukua huko. Akanieleza polepole kwamba mifupa ina ncha zinazokua, na zikishakomaa zinafunga, na zikifunga hazifunguki. Mtoto anayekimbizwa mapema anasimama mapema. Huyu ambaye leo anawaziba wenzake darasani, wenzake watampita mmoja mmoja, na yeye atabaki pale alipo. Na kabla ya hapo atakuwa mwanamke kwa mwili, huku kwa akili bado analilia mwanasesere. Daktari alisema kuna kitu kinamkimbiza, na lazima tukijue.

Akaanza kuuliza. Mtoto anakunywa dawa gani, anapakwa nini, nyumbani nani anameza nini. Akauliza kama kuna chochote kilichobadilika kabla ya ile damu, kitu kilichokatika au kuisha.

Dada, hapo ndipo nilipokumbuka. Kitu kilichoisha. Mimi na wewe tumemeza vidonge vya kupanga uzazi miaka mingi, tunajua ukiviacha damu inafuata. Na nikakuona jikoni kwako, ile likizo niliyokuja, umefunga kitambaa kichwani, unatwanga vidonge vile vile kwenye kinu kidogo, pakiti tupu zimejaa mezani, unamimina unga wake kwenye mafuta ya moto. Ulicheka ukasema hiyo ndiyo siri ya biashara, kwamba dawa ya wanawake inalisha nywele kuliko mbolea, na kwamba nikimwambia mtu utaninyoa. Mimi nilikuwa nimekushikia chupa ili umimine. Nilicheka pia.

Nilimjibu daktari kwamba mtoto anapakwa mafuta ya kawaida tu.

Ndiyo, nilimdanganya, na nilimdanganya kwa ajili yako. Nilifikiria kibao cha saluni yako, nikafikiria wasichana wanaosuka kwako, nikafikiria cherehani hii ninayoishi kwayo, uliyoninunulia kwa kusuka kichwa baada ya kichwa mpaka vidole vikavimba. Nikajiambia nitaacha kumpaka kimya kimya, mambo yatajirekebisha, na hakuna atakayejua. Daktari aliandika, akatupa siku ya kurudi, tukaondoka.

Basi juzi dereva akaja na kreti jipya, gari limepona. Sisimizi alisikia chupa zinagongana akakimbia kuleta kitana na kigoda. Akakaa katikati ya magoti yangu kama siku zote, akainamisha kichwa. Nilifungua chupa, nikamimina kiganjani, ile harufu yako nzuri ikajaa chumba. Sikuweza, dada. Mkono ulikataa. Akageuka akaniuliza mbona nalia, nikamwambia mafuta yameniingia machoni, akaanza kunipuliza macho.

Asubuhi yake nilichukua chupa moja nikaenda kwa daktari nikasema yote. Nilimwambia yanavyotengenezwa, nilimwambia yanatoka wapi, na alipouliza watoto wangapi wengine wanapakwa, nilimtajia saluni yako. Nimekutaja kwa jina lako na la mtaa wako. Wakija watu kukuuliza, usimshuku msichana wako yeyote wala mpinzani wako wa ng'ambo ya barabara. Ni mimi mdogo wako. Baba Sisimizi nilimwambia jioni ile, na tangu hapo hataki jina lako litajwe mbele yake. Kwamba nilikushikia chupa, hilo nalo nimemwambia, na kwa sasa haongei nami pia.

Daktari hakukutukana. Alisema ngozi ya kichwa inakunywa, na ya mtoto inakunywa zaidi, na aliyetwanga bila shaka hakujua. Alisema tukiacha sasa huenda mwili ukatulia wenyewe, lakini pia huenda umeshaamshwa na hautalala tena, na ikiwa hivyo atahitaji sindano kwa miaka. Hajui bado. Tutakuwa tunarudi na kusubiri. Kilichokwisha kukimbia kwenye mifupa hakirudi, hilo alilisema wazi, na nilimwomba alirudie kwa sababu sikutaka kulisikia. Mwanangu ananiuliza kila siku kama atarudi kuwa mdogo, ili wenzake wacheze naye. Nashona mchana kutwa na sijui nashona nini. Juzi nimemtia mteja mikono miwili ya kushoto.

Sasa nafika kwenye ombi langu, na hapa ndipo nakushika miguu usome.

Ndani ya kreti ulitutumia picha ya Kifungo. Amesimama kwenye mlango wa saluni, amevaa lile gauni la njano nililomshonea mwaka jana, nywele zake zimeshuka mpaka mabegani. Nyuma ya picha umeandika kwa furaha nimwone mdogo wake Sisimizi anavyomfuata. Umeandika anavyomfuata, dada. Niliisoma nikaipeleka picha kwenye mwanga wa taa ya cherehani.

Gauni lile nalijua kuliko wewe. Nilikata mimi. Kifuani niliacha vidole vinne vya nafasi, ubavuni niliacha mshono wa kuachia, na chini nilikunja pindo la kiganja na nusu, kwa sababu ulisema mtoto mdogo mdogo, mpe la kuvaa mpaka aanze darasa la pili. Kwenye picha naona mistari ya mikunjo ya zamani, mmoja juu, mwingine chini yake, mwingine chini yake tena. Umekuwa ukiachia, na mstari wa mwisho umefika ukingoni. Pindo limekwisha. Na kifuani kifungo cha pili hakifiki kwenye tundu lake, umekifunga kwa pini. Mtu mwingine ataona mtoto aliyenenepa. Mimi nimelipima lile umbo nyumbani kwangu, kwa mikono hii hii, na nilikwisha kulificha mara moja kwa kizibao. Kifungo hajafika hata miaka sita.

Usimpake tena. Hata leo jioni usimpake, hata kama atalia anataka kusukwa. Mwaga ulichonacho jikoni, usimpe wala usimuuzie mtu, na wale kina mama wenye watoto waambie wewe kwa mdomo wako kabla hawajaambiwa na wengine. Kisha mshike Kifungo mkono mje hapa kwa gari hili hili likirudi. Daktari ameshasema atamwona. Nichukie ukishafika, unitukane mbele ya mtaa, nami nitakupikia huku unanitukana. Lakini njoo naye.

Chupa zako nimezirudisha zote ndani ya kreti, isipokuwa ile moja iliyobaki kwa daktari. Dereva amemaliza chai na anagonga funguo mezani, kwa hiyo naishia hapa. Wasalimie wasichana wa saluni. Mbusu Kifungo kwa niaba ya mama yake mdogo, na umwambie Sisimizi anamngojea, kwani huenda huyo ndiye mtoto pekee atakayekubali kucheza naye.

Ukimaliza kusoma, kabla hujanikasirikia, mwite mtoto umvalishe lile gauni la njano na utoe ile pini. Naomba kwa Mungu kifungo kifunge, niwe mimi ndiye mwongo.

Mdogo wako anayekupenda,
Fundi, mama Sisimizi